Mlokole

Neno hili limetoka Kiganda, ambako abalokole ni watu waliookoka. Kiswahili tayari kilikuwa na kuokoka. Kwa nini basi kikaliazima neno hili? Nadhani ni kwa sababu halikuletwa na maaskofu wala wanakamusi, bali na waumini wa kawaida waliobeba uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, huko Namirembe, Uganda, Simeoni Nsibambi, ambaye hakuwa kasisi, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church. Moto ukashika katika hospitali ya Gahini, Rwanda, ambako Yosiya Kinuka alikuwa mhudumu wa wagonjwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 vikundi vya walokole vilikuwa vimefika Kenya na Bukoba, vikitubu hadharani na kurudisha mali ya wizi (jambo ambalo, naamini, lilimgusa jirani kuliko mahubiri).

Wapo watakaosema uamsho ni kazi ya Roho Mtakatifu, si ya watu. Sawa, lakini walokole wenyewe walikiri hivyo, na bado wakatembea kwa miguu kwenda kushuhudia. Wengine watataja viongozi wa kanisa waliohusika, na ni kweli Blasio Kigozi, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa uamsho, alikuwa shemasi. Hata hivyo, mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, akiwemo William Nagenda, naye akaendelea kuhubiri bila kuwekewa mikono. Neno nalo limebaki kwa watu wa kawaida: leo mtaani asiyekunywa pombe huitwa mlokole kwa utani, hata kama haungami chochote.