Mbegu ya tomati, kutoka Meksiko mpaka bustani zetu za Fizi

Ndugu wanachama, vijijini tunasikia wazee wakisema tomati ni chakula cha mababu. Hapana. Cha mababu ni nyanya chungu, ile ambayo asili yake ni Afrika yenyewe. Tomati ni mgeni. Pori lake liko Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes, na watu wa Meksiko ndio waliilima sana; hata jina linatoka kwao, tomatl. Waspanyola wakaivusha bahari, na mwaka 1544 mganga Mwitalia, Mattioli, tayari aliiandika katika kitabu. Ulaya ya kaskazini waliiogopa muda mrefu, wakidhani ni sumu.

Ua la tomati kwa kawaida linajizalisha lenyewe, ndiyo maana mtoto anafanana na mama. Mkulima alitoa mbegu katika tunda lake mwenyewe, akampa jirani. Money Maker iliyozaliwa Uingereza, na Roma iliyotoka Marekani miaka ya 1950, zote ni za namna hiyo. Tulizijua Tanzania, kule Nyarugusu (1996) na Lugufu (1997). Kutoka kambini kupita kilometa 4 ilikuwa marufuku, basi tulilima nyuma ya nyumba na kumwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Oktoba 2005 meli zikaanza kuturudisha, Kigoma mpaka Baraka. Wamama wengine walifunga mbegu kwenye kipande cha kitenge. Walifanya vizuri sana, juu mtu aliyekaa miaka 9 ukimbizini hakuti mbegu ikimngoja nyumbani. Tulikuta pori. Misaada ilileta paketi, mara nyingine mvua ikiwa imekwisha kuanza, na ndani yake kulikuwa pia na F1.

F1 si sumu, tusidanganyane. Inazaa sana, na zingine zinavumilia magonjwa. Lakini ukipanda mbegu ya tunda lake, msimu wa pili watoto wanatawanyika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hazai kitu. Kwa mwenye soko karibu inaweza kulipa. Kwa mama wa mistari miwili nyuma ya jiko, kununua paketi kila msimu ni kumaliza pesa ya chumvi.

Kwa hiyo mwenye Roma ama Money Maker ya kweli asiimalize yote sokoni. Chagua mti mzima usio na ugonjwa, acha tunda liive kabisa. Kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, ziache siku 2 ao 3 mpaka povu litokee. Ule ute ndio unaozuia mbegu kuota. Ongeza maji: nzuri zinazama, mwaga zinazoelea. Osha, anika kivulini juu ya sahani (kwenye karatasi zinagandamana). Zikikauka kabisa na zikiwekwa pakavu, zinaishi miaka 4 na zaidi.

Andika jina na mwaka kwenye kila kifurushi. Mkutano ujao kila mtu alete kijiko kimoja, tubadilishane.