Shoo ya Nakuru na Mifugo Iliyobaki Nje ya Ua

Kutoka Olkaria hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ni mwendo wa kama kilomita mia moja, na njia yote imepita juu ya ardhi iliyogombaniwa. Msafiri huacha mabomba ya mvuke na miamba ya Hell's Gate, akazunguka kusini mwa Ziwa Naivasha kati ya vivungulio vya maua, akashika barabara kuu ya Gilgil, akaliona Ziwa Elementaita na nyanda za Soysambu kushotoni, kisha Nakuru. Wengi huifanya safari hii katikati ya mwaka, wakati wa baridi, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na basi za shule zikifuatana barabarani. Wanafunzi huenda kutazama ng'ombe, matrekta na bendi. Ningependa waelezwe pia ni kwa nini maonyesho haya yalianzishwa, na kwa ajili ya nani.

Chama kinachoyaandaa, ambacho leo ni Agricultural Society of Kenya, kiliundwa mwaka 1901 kwa jina la East Africa Agricultural and Horticultural Society. Mwaka huo huo reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria. Serikali ya kikoloni ilikuwa na deni kubwa la reli na haikuwa na mizigo ya kutosha ya kulilipa. Ilihitaji wakulima wa kutoka Ulaya, nao walihitaji kuonyeshwa kwamba nchi hii inaotesha ngano na inalisha ng'ombe wa maziwa. Shoo ya kwanza ilifanyika Nairobi mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kuvutia walowezi.

Lakini Bonde la Ufa halikuwa tupu. Malisho ya Naivasha, Elementaita na Nakuru yalikuwa ya Wamaasai, na hata jina la Olkaria ni lao. Mwaka 1904 viongozi wao, akiwemo Olonana, laiboni yaani kiongozi wao wa kidini, walitia sahihi mkataba wa kulihama bonde na kwenda katika maeneo mawili, Laikipia kaskazini na jingine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba wangekaa huko siku zote za kuwapo kwao. Miaka saba baadaye mkataba wa pili ukawatoa Laikipia nako. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, waliambiwa kwamba mapatano yale yalikuwa kama ya dola mbili, hivyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyaamua. Kesi ikafia hapo.

Miongoni mwa walionufaika sana na ardhi hiyo ni mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Habari zake husimuliwa kama habari za ushujaa, nami sikatai kwamba alikuwa na moyo mgumu. Ila kuna jambo ambalo wasimuliaji hulipita mbio. Alileta kondoo wa merino kutoka New Zealand, wakafa wengi. Alileta madume ya ng'ombe kutoka Uingereza, wakapukutishwa na maradhi. Wamaasai walikuwa wameiepuka sehemu hiyo kwa malisho ya kudumu, maana walikwisha kuona kwamba mifugo hudhoofika hapo hata nyasi zikiwa nyingi. Baadaye sayansi ilieleza sababu: udongo wa volkano wa upande huo una upungufu wa madini ya kobalti, na maradhi yanayotokana nao yakaitwa kwa jina la Nakuru, nakuruitis. Elimu ya wafugaji waliofukuzwa ilikuwapo bure, haikuulizwa.

Ngano nayo ilishambuliwa na ugonjwa wa kutu. Hapa Delamere anastahili sifa, kwa sababu alimwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu badala ya kukata tamaa. Mwaka 1927 serikali ikafungua kituo cha mbegu Njoro, ambacho leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Mbegu za ngano za Kenya zilisafiri mbali: Norman Borlaug alizitumia Mexico katika miaka ya 1940 alipokuwa akitafuta ngano inayostahimili kutu. Na kutu mpya iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, Ug99, ilipotishia dunia, mataifa mengi yalituma mbegu zao zijaribiwe Njoro. Banda la kituo hiki likiwapo shooni, mtu asilipite.

Basi walowezi wakajijenga. Kenya Co-operative Creameries ilizaliwa Naivasha mwaka 1925, Kenya Farmers' Association ikafanya Nakuru makao yake, Maurice Egerton akafungua shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Egerton. Shoo ikawa mahali pa kupimana: dume la nani lina mgongo ulionyooka, ng'ombe wa nani ana kiwele kizuri, nani ataondoka na kikombe.

Waliowakamua ng'ombe hao, wakawaosha na kuwapeleka joshoni, walikuwa Waafrika, wengi wao maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima na kufuga kidogo katika shamba la mzungu. Baadhi walikuwa na mifugo mingi. Walowezi wakaona mifugo hiyo inaeneza ndigana na kula nyasi za ng'ombe wa gredi, na zaidi ya yote inampa mfanyakazi uhuru wa kukataa mshahara mdogo. Katika miaka ya 1920 ikaja operesheni ya kuiondoa ambayo maskwota wenyewe waliiita kifagio. Familia zilizokuwa na makundi zikabaki na mbuzi wachache au mikono mitupu. Siwezi kuitazama picha ya kale ya dume lenye utepe wa ushindi bila kumwangalia pia mtu anayelishika kamba.

Mwezi Agosti 1963 Jomo Kenyatta alikutana na walowezi mjini Nakuru, akawaomba wanaotaka kubaki wabaki walime, na pande zote zisameheane. Wengi waliuza hata hivyo. Mashamba yaligawanywa kwa miradi ya serikali na makampuni ya kununua ardhi, na mahali pa mlowezi mmoja wakaingia mamia ya wakulima wa ekari chache. Wamaasai waliohamishwa 1904 hawakurudishiwa.

Shoo ilibadilika pamoja na wakulima hao, na hili ndilo naliona zuri kabisa ndani yake. Mama wa Bahati au Molo mwenye ng'ombe wawili hupata pale mashine ya kukatia majani, mbegu ya nyasi na mtaalamu wa kumwuliza kuhusu ugonjwa wa kiwele. Vilabu vya 4K, vilivyoanzishwa mwaka 1962, viliwafundisha watoto kulima shuleni na kuleta mazao yao yashindanishwe.

Olkaria nayo imeingia katika kilimo kwa njia yake. Visima vya kwanza vya majaribio vya mvuke vilichimbwa katika miaka ya 1950, na umeme ukaanza kutoka mwaka 1981. Kuanzia mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilitumia joto la kisima kupasha vivungulio usiku, ili unyevu upungue na ukungu usishike waridi. Huko Eburru wakulima walikausha pareto kwa mvuke wa ardhini zamani sana kabla ya mitambo hiyo. Lakini mwaka 2014, kwa ajili ya Olkaria IV, familia za Wamaasai wa vijiji vinne zilihamishwa tena.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa waandaaji. Ng'ombe wa Sahiwal, waliokuzwa katika kituo cha Naivasha tangu 1962, wamekubalika shooni na kwa wafugaji Wamaasai, ambao huwachanganya na zebu wao. Kondoo mwekundu wa Kimaasai bado hana heshima hiyo. Watafiti wamethibitisha kwamba huvumilia minyoo ya tumbo inayomuua kondoo wa Dorper, naye anazidi kupungua kwa sababu kila mfugaji anatafuta mwili mkubwa. Apewe daraja lake katika mashindano ya Nakuru, na waamuzi wampime kwa uhai wake wakati wa ukame na minyoo, si kwa uzito peke yake. Na meza ya waamuzi hao ikaliwe na wafugaji wa kutoka Olkaria na Narok, watu wanaoweza kumtaja kondoo kwa ukoo wake.