Waacheni Walime Bustani Yao

Jirani yangu amepanda maua kwenye makopo matano ya mafuta ya mgao. Ameyapanga mlangoni, mekundu na ya njano, na kila jioni anayamwagia maji aliyooshea vyombo. Siku moja mgeni kutoka shirika fulani alisimama pale akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mama, kwa nini usipande mchicha?" Jirani akacheka. "Mchicha uko nyuma, mwanangu. Haya ni yangu."

Mgeni hakuwa na ubaya. Lakini swali lake lilinikumbusha historia ya miaka zaidi ya 100 iliyopita, inayomhusu mwandishi maarufu wa riwaya za upelelezi, Agatha Christie. Wengine mmeona sinema zake, yule mpelelezi mfupi mwenye masharubu yaliyosokotwa, Hercule Poirot. Wachache wanajua kwamba Poirot ni mkimbizi.

Mambo yalikuwa hivi. Christie alizaliwa mwaka 1890 Torquay, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza. Nyumba yao, Ashfield, ilikuwa na bustani, na kwa kuwa alisomea zaidi nyumbani, bustani ile ndiyo ilikuwa uwanja wake wa kuchezea. Agosti 1914 Ujerumani ikaivamia Ubelgiji. Watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Wabelgiji wapatao 250,000 waliingia Uingereza, na baadhi yao wakapokelewa Torquay, karibu kabisa na kina Christie.

Sisi tuliotoka Kongo hapo tunashtuka kidogo. Ndiyo, ni Ubelgiji ile ile. Babu zetu walikuwa chini ya bendera yake wakati huo huo ambao raia wake walikuwa wamebeba mafurushi, wanatafuta pa kulala kwa watu.

Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, Christie anaeleza jinsi wenyeji walivyowapokea Wabelgiji hao kwa moyo mkunjufu, wakawatafutia vyombo na makazi. Halafu, baada ya muda, manung'uniko yakaanza: ati hawa watu hawana shukrani ya kutosha. Christie hakukubaliana nayo. Aliona kwamba walikuwa watu waliochanganyikiwa, katika nchi ngeni, na wengi wao walikuwa wakulima waliozoea mambo yao. Hawakutaka kualikwa chai kila mara. Walitaka waachwe, waweke akiba, walime bustani yao na waitie mbolea kwa namna yao wenyewe.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini kwanza. Yaani huyu mama hakuwahi kupanga foleni hata siku moja, lakini aliona.

Wakati huo Christie alikuwa akihudumia majeruhi hospitalini, kisha akahamia chumba cha dawa. Huko ndiko alikojifunza sumu: kiasi gani kinaponya, kiasi gani kinaua. Alipotaka kuandika riwaya ya upelelezi, sumu alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni mpelelezi. Akawakumbuka wale Wabelgiji. Kwa nini asiwe mmoja wao, polisi mstaafu aliyekimbia vita? Aliiandika riwaya hiyo mwaka 1916, vita ikiwa bado inaendelea. Wachapishaji kadhaa waliikataa. Ilitoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka 1921.

Katika riwaya hiyo, Poirot anaishi na Wabelgiji wenzake katika nyumba ndogo kijijini, kwa hisani ya mama mmoja tajiri. Mama huyo anauawa kwa sumu. Anayeutafuta ukweli ni nani? Ni yule mkimbizi aliyesaidiwa naye. Watu wanacheka lafudhi yake na masharubu yake, wala hawashuki chini kujiuliza anafikiri nini. Yeye anawatazama tu. Mgeni huona mengi ndani ya nyumba ya mwenyeji, kwa sababu hakuna anayejihadhari naye.

Na maua je? Kwa Christie, maua hayakuwa pambo la riwaya. Alijua kwamba mmea mmoja ni uzuri, ni dawa, na ni sumu pia. Katika hadithi yake moja, majani ya ua linalotoa dawa ya moyo yanachanganywa na majani ya kiungo cha chakula, na mtu anakufa baada ya kula. Katika nyingine, barua inayozungumzia maua ya dahlia inaficha ujumbe: ukichukua herufi za kwanza za majina unapata neno la Kiingereza la kifo. Anayelifumbua fumbo ni Miss Marple, bibi kizee anayependa bustani. Watu wanamwona ameinama kwenye maua yake, wanadhani hasikii.

Mwaka 1938 Christie na mumewe, mwanaakiolojia Max Mallowan, walinunua Greenway, nyumba yenye bustani kubwa juu ya mto Dart. Aliipenda mno. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipokuja, nyumba ikawapokea kwanza watoto waliohamishwa kukwepa mabomu, halafu ikachukuliwa na serikali kwa ajili ya wanamaji wa Marekani. Mwenye nyumba akawa nje ya nyumba yake. Sisemi kwamba alikuwa mkimbizi kama sisi, hapana. Alikuwa na mahali pengine pa kulala na kalamu ilikuwa inamlipa. Ila aliporudi baada ya vita, alikuta njia zimemezwa na majani, bustani ya mboga imekuwa magugu matupu, na vyoo 14 vilivyoachwa na wanajeshi. Akabishana na maofisa kuhusu vyoo hivyo. Kuhusu bustani, aliandika kwamba ilikuwa imegeuka msitu, na msitu ule ulikuwa mzuri.

Bustani ya Greenway ilikuwa imeshaingia riwayani mwaka 1942, katika kisa cha mchoraji anayekufa kwa sumu ya mmea. Iliingia tena mwaka 1956. Leo iko wazi kwa umma, na watu wanakwenda kutazama maua yake.

Wabelgiji wengi wa kweli walirudishwa kwao haraka vita ya kwanza ilipokwisha. Poirot alibaki. Katika riwaya ya mwaka 1926 anajaribu kustaafu kijijini ili alime mamumunya. Siku moja anakasirika, analirusha mumunya moja juu ya ukuta, nusura limpige jirani. Watu husoma hapo wakacheka. Mimi nilifikiria wale Wabelgiji wa Torquay waliotaka kuachwa na bustani yao. Miaka kumi baadaye mwandishi alimpa mmoja wao bustani hiyo, na ruhusa ya kukasirika ndani yake.

Riwaya ya mwisho ya Poirot ilitoka mwaka 1975. Mzee anarudi kufia katika nyumba ile ile ya kisa cha kwanza, kule alikofikia akiwa mkimbizi. Christie naye alifariki Januari 1976.

Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi mashirikani, neno langu ni dogo. Mnapohesabu makopo ya mafuta, mengine mtayakuta yana udongo. Msiulize kwanza yanazaa nini. Ulizeni jina la ua, na mbegu ilitoka wapi. Ya jirani yangu ilisafiri ndani ya pindo la kitenge, na hiyo habari hajawahi kuulizwa na mtu yeyote katika mahojiano.