Kitabu cha Askofu Las Casas mikononi mwa maadui wa Hispania

Katika vitabu vingi vya historia tunasoma ya kuwa Wahispania wa zamani walikuwa wakali kupita Wazungu wengine wote. Sifa hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika kitabu kidogo kimoja, nacho kiliandikwa na padri Mhispania. Tufuate safari ya kitabu hicho, kwani kina fundisho kwetu sisi tunaohubiri.

Bartolomé de Las Casas alizaliwa Sevilla mwaka 1484. Mwaka 1502 alivuka bahari, akafika kisiwa cha Hispaniola katika Amerika. Sawasawa na wenzake, alipewa wenyeji wa kumfanyia kazi kwa nguvu, na alipopata upadri hakuwaacha mara moja. Mwaka 1511 Mdominikani mmoja, Antonio de Montesinos, aliwakemea Wahispania wazi kanisani juu ya mateso ya wenyeji. Wakubwa walikasirika sana. Las Casas alikawia, lakini mwaka 1514 aliwaachilia watu wake, akaanza kuwatetea. Baadaye aliingia shirika la Wadominikani, tena akawa askofu wa Chiapas katika Meksiko.

Kitabu chake juu ya maangamizi ya wenyeji alikiandika mwaka 1542, akakipiga chapa Sevilla mwaka 1552. Alimwandikia mwana wa mfalme, Filipo, kusudi ajue mambo yanayotendwa kwa jina la taji lake. Wanahistoria wanaona kwamba hesabu zake za wafu nyingine zimezidi. Lakini mateso yenyewe yanashuhudiwa na wengine pia. Las Casas alikuwa kama nabii Natani: aliingia nyumbani mwa mfalme wake mwenyewe, akamwonyesha dhambi yake.

Basi, kitabu kikatoka nyumbani. Wakati ule Waholanzi walikuwa wakipigana na mfalme wa Hispania aliyewatawala, na mwaka 1576 askari zake walipora mji wa Antwerpen. Mwaka 1578 kitabu cha Las Casas kiligeuzwa katika Kiholanzi. Mwaka 1579 katika Kifaransa. Mwaka 1583 katika Kiingereza. Mwaka 1598 nyumba ya Theodor de Bry, huko Frankfurt, ilikitoa katika Kilatini pamoja na picha za kutisha: watu wanachomwa moto, mbwa wanararua watoto. De Bry mwenyewe hakukanyaga Amerika hata siku moja. Lakini asiyejua kusoma aliweza kutazama, na jambo lililotazamwa halisahauliki upesi.

Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1655 jeshi la Cromwell liliwanyang'anya Wahispania kisiwa cha Jamaica. Mwaka uliofuata John Phillips alitoa kitabu kilekile kwa Kiingereza, akakiita «Machozi ya Wahindi», yaani wenyeji wa Amerika, akakitolea kwa heshima ya Cromwell. Mwaka 1658 William Davenant alionyesha London mchezo wa nyimbo juu ya ukatili wa Wahispania katika Peru. Mwishoni askari Waingereza wanafika, wanasaidia wenyeji kuwashinda Wahispania. Jambo hilo halikutokea kamwe! Watazamaji walirudi kwao wakijiona kuwa waokozi.

Je, machozi hayo yalikuwa ya kweli? Tuangalie matendo. Waholanzi waliteka ngome ya Elmina mwaka 1637, na mji wa Luanda mwaka 1641, kusudi wapate watumwa kwa mashamba yao ya sukari katika Brazili. Mfalme Garcia II wa Kongo alifanya urafiki nao, kwa kuwa walikuwa adui za Wareno. Hata hivyo merikebu zao ziliendelea kuchukua watu. Na Jamaica, chini ya Waingereza, ikawa kisiwa cha sukari na cha watumwa kutoka Afrika. Waliomlilia mwenyeji wa Amerika ndio walionunua babu zetu.

Hapa sherti tuseme neno moja zaidi. Las Casas mwenyewe, katika mwaka 1516 na baadaye, alishauri wapelekwe watumwa weusi huko Amerika kusudi wenyeji wapumzike. Baadaye alitambua kwamba watu weusi nao walitekwa pasipo haki, akajilaumu sana. Aliyaandika hayo katika kitabu chake kikubwa cha historia ya inchi zile. Lakini kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1875 tu, zaidi ya miaka 300 baada ya kifo chake katika mwaka 1566. Kitabu cha kumshtaki Mhispania kilienea Ulaya nzima. Maungamo juu ya mtu mweusi yalibaki sandukuni. Hakuna dola iliyoyahitaji.

Tusikosee lakini upande wa pili. Wakatoliki wengine, kwa kukasirikia uongo wa maadui, wametaka kuosha kila doa la Hispania. Kufanya hivyo ni kumnyamazisha Las Casas mara ya pili. Adui anaweza kusema neno la kweli kwa moyo mbaya. Neno hubaki kweli, na moyo hubaki mbaya.

Basi, tunaposoma habari za dola moja zilizoandikwa na dola nyingine, tuulize: nani anasema? Anamwambia nani? Na nyumbani kwake anaficha nini? Natani alimwendea Daudi mwenyewe, naye Daudi akatubu. Kama angalipeleka maneno yale sokoni kwa Wafilisti, wangalifurahi sana, wala hakuna ambaye angalitubu.