Bunduki ya kale ya mitutu miwili: mambo ya kukagua kabla ya kuinunua na kuikarabati

Bunduki za marisau zenye mitutu miwili, zilizotengenezwa Uingereza zaidi ya karne moja iliyopita, bado huuzwa minadani na katika karakana za mafundi. Baadhi yake hupatikana kwa bei ya chini kuliko bunduki mpya. Hata hivyo, uzuri wa nakshi na mbao zake haumwelezi mnunuzi jambo lililo muhimu kuliko yote: iwapo mitutu hiyo inaweza kustahimili risasi za siku hizi. Mtutu unaopasuka unaweza kumkata mpigaji vidole vya mkono unaoushika, au kumpofusha.

Asili yake

Bunduki ya kukunjwa katikati na kujazwa risasi kwa nyuma ilianza kuwavutia mafundi wa Uingereza baada ya ile ya Mfaransa Casimir Lefaucheux kuoneshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Mwaka 1875, William Anson na John Deeley wa kampuni ya Westley Richards, mjini Birmingham, walisajili hataza ya mtambo usio na nyundo za nje, ambao hujikoki wenyewe mitutu inapokunjwa. Mtambo huo una vipande vichache na ni imara, na muundo wake unatumika hadi leo.

Mihuri chini ya mitutu

Kwa mujibu wa sheria za Uingereza, bunduki hairuhusiwi kuuzwa kabla mitutu yake haijajaribiwa kwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida na kupigwa mhuri. Kazi hiyo hufanywa na taasisi mbili. Ya London iko chini ya chama cha watengeneza bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637, na ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Mhuri huo si wa milele: mtutu ukipanuka ndani kupita kiwango kilichowekwa, kwa kuchakaa au kwa kusuguliwa ili kuondoa kutu, huhesabiwa kuwa haumo tena ndani ya mhuri, na kuuza bunduki hiyo ni kosa.

Mihuri huonekana chini ya mitutu baada ya kuitenganisha na kitako. Jambo la kwanza la kutafuta ni aina ya baruti. Bunduki nyingi za karne ya 19 zilijaribiwa kwa baruti nyeusi pekee, ilhali risasi za kisasa hutumia baruti isiyo na moshi, ambayo shinikizo lake ni la namna nyingine. Kwa bunduki zilizojaribiwa Birmingham tangu mwaka 1954, herufi BNP chini ya taji huonesha kuwa mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Tahadhari ni kubwa zaidi kwa mitutu ya Damascus, iliyoundwa kwa kusokota na kuunganisha kwa moto vipande vya chuma na feleji, hadi ikawa na mistari kama ya mkeka. Ipo iliyofaulu majaribio ya baruti isiyo na moshi, lakini mistari hiyo mizuri si ushahidi wa nguvu.

Urefu wa chemba

Bunduki nyingi za kale za geji 12 zina chemba ya milimita 65, wakati risasi nyingi za sasa ni za milimita 70. Kipimo hicho ni cha ganda lililokwisha kufyatuliwa na kufunguka. Kabla ya hapo ganda huwa fupi, hivyo risasi isiyofaa huingia bila kipingamizi. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda.

Ukaguzi wa mnunuzi

Mitutu ikiondolewa, ining'inizwe na kugongwa taratibu kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu inayoiunganisha huenda ni nzima. Ikitoa sauti butu, huenda imeachia. Kisha itazamwe ndani ikielekezwa kwenye mwanga ili kuona vishimo vya kutu na mibonyeo. Bunduki ikifungwa, pasiwe na mwanya kati ya mitutu na mtambo, wala kisiwe na mtikisiko. Unene wa kuta za mtutu haupimwi kwa macho. Fundi ana kifaa maalumu cha kazi hiyo.

Kazi ya ukarabati

Mbao za mti wa jozi hurejeshewa uhai kwa mafuta ya kitani yanayopakwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mbonyeo mdogo huinuliwa kwa kitambaa chenye unyevu na pasi ya moto. Mitutu ina sharti lake: dawa ya moto inayotumiwa kuipa weusi bunduki za mtutu mmoja hula lehemu ya risasi na bati, na inaweza kuiachanisha. Njia salama ni ile ya kale ya kuotesha kutu nyembamba na kuisugua, mara nyingi kwa kurudia.

Mitutu iliyochoka huweza kukatwa na kuchomekwa mipya kwenye sehemu ya nyuma ya zamani. Baada ya hapo bunduki hupelekwa kwenye majaribio upya, na hasara huwa ya mwenyewe endapo mtutu utapasuka.

Sheria

Umri pekee hauiondolei bunduki masharti. Nchini Uingereza, bunduki ya mwaka 1880 inayotumia risasi za geji 12 zinazouzwa hadi leo huhitaji cheti cha polisi, hata kama mwenye nayo hataki kuitumia. Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, sura ya 114, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Zote zinataka kibali. Kwa hiyo aliyeachiwa na babu bunduki ya aina hii aanze kwa kuwaarifu polisi, kisha amwone fundi mwenye leseni, na asiijaribu kwa risasi yoyote kabla ya ukaguzi huo.