Mito ya Kanisa Kuu la Winchester

Watu wasikiapo habari za makanisa makuu ya Uingereza, huwaza mawe, nguzo na vioo vya rangi. Na wakiuliza ni kazi ya nani, hutajiwa wafalme na maaskofu. Leo, wasikilizaji, twapenda kusimulia habari za kazi ya uzuri iliyofanywa na watu wasio na cheo, kwa sindano na sufu.

Winchester ni mji wa kusini mwa Uingereza. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1079, na viti vya kwaya vilichongwa kwa nakshi mwanzoni mwa karne ya 14. Mwaka 1931 mkuu wa makasisi wa kanisa hilo, Gordon Selwyn, alitaka viti hivyo vipate mito ya kukalia, na waumini wapate mito ya kupigia magoti. Kazi hiyo akamwomba Bibi Louisa Pesel, ambaye alikuwa amekwisha kutengeneza mito ya kanisa dogo la Askofu Theodore Woods.

Bibi Pesel alizaliwa mwaka 1870 huko Bradford, mji wa viwanda vya sufu, na aliwahi kusimamia shule ya utarizi mjini Athens. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza aliwafundisha askari utarizi. Askari hao akili zao zilikuwa zimetikiswa kwa vishindo vya mizinga, na mikono yao ikitetemeka. Basi alikuwa amejua tangu hapo kwamba sindano yaweza kumtuliza mtu, wala si kupamba nguo tu.

Kule Winchester alikusanya wanawake wengi, na baadhi yao hawakuwa wamepata kutarizi kamwe. Yeye alipanga nakshi na kingo; mwenzake, Sybil Blunt, akachora picha za duara za kuwekwa katikati ya mito, zenye kusimulia historia ya Uingereza na ya kanisa lenyewe. Wanawake wakafundishwa mishono, ndipo wakapewa kazi. Maana katika kazi ya namna hii, mmoja akivuta uzi sana na mwingine akiulegeza, kitambaa hupinda, na makosa ya mkono mmoja huonekana katika safu nzima. Wenzetu wa pwani wanaosuka mikeka wanalijua neno hili: kila mmoja husuka shupatu lake, lakini upana usipolingana, mkeka hauungiki.

Yafaa tukumbuke pia hali ya siku zile. Vita vilikuwa vimeua vijana wengi mno. Sensa ya mwaka 1921 ilionyesha kwamba huko Uingereza wanawake waliwazidi wanaume kwa zaidi ya 1,500,000, na magazeti hayakuona haya kuwaita wanawake hao ziada, kana kwamba ni mzigo uliobaki gatini bila mwenyewe. Katika nchi yenye kusema hivyo, chama kama hiki hakikuwa mchezo wa kupitisha wakati. Mtu aliyeambiwa kwamba hana mahali pake alipewa kipande cha kazi, naye akakitia mahali ambapo watu wangepiga magoti baada yake kwa miaka mingi.

Mwaka 1936 kazi hiyo iliwekwa wakfu. Mito ya kupigia magoti peke yake ilipita 300, mbali na mito ya viti na mifuko ya sadaka. Bibi Pesel alifariki mwaka 1947. Jina lake limeandikwa katika vitabu. Majina ya wengi waliotarizi pamoja naye hayasikiki, ingawa mishono yao yaonekana.

Nanyi mlio katika vyama vya kina mama makanisani, kama mwataka kupamba nyumba yenu ya sala, msianze kwa kuchanga fedha za kununua. Tafuteni kwanza ajuaye kazi, mkubaliane juu ya nakshi moja, kisha mfundishane mpaka mikono ilingane. Na asiyejua kushona msimwache nje, kwa kuwa huko Winchester wasiojua ndio waliojifunza, na kazi yao ndiyo tuliyoisimulia.