Lengelenge Njiani: Historia ya Nyayo kati ya Mvara na Koboko

Msafiri aondokaye Mvara, katika mji wa Arua, akaelekea kaskazini hadi Koboko, hukata kilomita zipatazo 55. Leo njia hiyo ni ya lami, nayo ni sehemu ya barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Gari huimaliza kwa muda mfupi. Lakini kwa miaka mingi njia hii ilipimwa kwa nyayo, na aliyeipima hivyo alijua jambo ambalo vitabu vyetu vya historia havilitaji, yaani kwamba safari huweza kukatizwa na kitu kidogo kama lengelenge la kisigino. Madhumuni ya makala haya ni kulikumbuka jambo hilo, na kuonyesha kwamba lina mafunzo hata kwetu.

Mwalimu wa Kiswahili asishangae. Lugha yetu yenyewe inaonyesha jinsi wasafiri wa kale walivyoichunguza miguu yao. Ngozi iliyokwaruzika hata ikatoka ni mchubuko; iliyoinuka ikajaa maji ni lengelenge; iliyokomaa kwa kusuguliwa siku nyingi ni sugu; na nyufa za nyayo zilizokauka ni magaga. Mguu ukanyagapo chini, mfupa husogea ilhali ngozi imeshikwa na kiatu au ardhi. Mvutano huo ukirudiwa mara maelfu, tabaka za ngozi huachana, na maji ya mwili huingia katikati yake. Jasho, unyevu na mzigo mzito huzidisha madhara. Lakini msuguano ukija kidogo kidogo, ngozi hupata nafasi ya kujijenga ikawa sugu. Basi kinachotenga sugu na lengelenge, kwa sehemu kubwa, ni haraka.

Na haraka ndiyo desturi ya vita. Mwaka 1914 West Nile iliunganishwa na Uganda, na Arua ikawa boma la serikali. Mwaka huohuo ikazuka Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakaanza kukusanya wapagazi katika Afrika ya Mashariki na nchi jirani, ambao idadi yao yote yakadiriwa kufikia kama milioni moja. Watu waliondolewa ghafla mashambani, wakatwikwa mizigo, wakapelekwa pekupeku katika matope na mawe. Yakadiriwa kuwa karibu 100,000 walifariki, wengi wao kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu. Hatudai kwamba lengelenge ndilo lililowaua; bali mtu mwenye njaa na homa, akiwa na nyayo zilizochubuka, hana nguvu ya kuufuata msafara. Tena palikuwa na funza, mdudu aliyeingia Angola kutoka Brazil mwaka 1872, akavuka bara kwa njia za misafara hata akafika Unguja kabla ya karne kwisha. Sanamu ya ukumbusho iliyoko Nairobi inawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo ni ya haki. Ila miguu hiyo haikupewa viatu.

Katika Vita Kuu ya Pili adui wa miguu alikuwa maji. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Uganda pia, ilipita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa. Ngozi iliyolowa hulainika, na ngozi laini huchubuka upesi, hata ndani ya buti nzuri.

Wala mtu asidhani kuwa kidonda cha mguu huwafika wanyonge tu. Mwaka 1924 kijana Calvin, mwana wa Rais Coolidge wa Marekani, alicheza tenisi bila soksi akapata lengelenge katika kidole cha mguu. Vijidudu viliingia damuni, na kwa kuwa penisilini ilikuwa bado kugunduliwa, madaktari walishindwa. Alifariki tarehe 7 Julai, akiwa na umri wa miaka 16.

Msiba mkubwa wa nyayo za West Nile ulikuja baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979. Mapigano ya Oktoba 1980 katika Koboko na Arua, pamoja na kisasi kilichofuata, yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Sudan na Zaire, wengi kwa miguu. Hao hawakupata siku za kuizoeza miguu, wala nafasi ya kuchagua viatu. Kwa mtu akimbiaye, lengelenge si udhia mdogo: achechemeaye hubaki nyuma, naye abakiye nyuma huwalazimisha jamaa zake kuchagua kati ya kumngoja na kuendelea. Mwaka 2016 safari iligeuka. Watu wa Sudan Kusini walivuka kwa wingi kuingia Koboko na Yumbe, ambako makazi ya Bidibidi yalifunguliwa mwaka huo. Njia zilikuwa zilezile. Nyayo tu ndizo zilizobadilika.

Je, historia hii yatufundisha nini? Kwanza, miguu hufundishwa polepole: viatu vipya vivaliwe nyumbani kwanza, na mwendo uongezwe siku kwa siku. Pili, soksi ziwe kavu. Tatu, mahali panapoanza kuunguza pafunikwe mara moja, kabla lengelenge halijatokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa wakimbiaji 128 wa mbio ndefu, ulionyesha kuwa utepe wa karatasi wa hospitali, ambao bei yake ni ndogo, ulipunguza malengelenge kwa asilimia 40.

Lengelenge dogo lisitumbuliwe. Lifunikwe kwa kitambaa safi. Lililo kubwa na lenye maumivu litobolewe pembeni kwa sindano iliyotakaswa, baada ya kunawa mikono, maji yatolewe, lakini ngozi ya juu isibanduliwe, maana hiyo ndiyo bandeji ya kwanza. Ukiona usaha, wekundu unaoenea au homa, nenda hospitali upesi. Mwenye kisukari au ukoma asijitibu mwenyewe, kwa kuwa huenda miguu yake haihisi maumivu. Na kila msafiri ahakikishe amechanjwa pepopunda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi methali hiyo huifafanua darasani kwa mfano wa nyumba. Siku nyingine, ndugu mwalimu, ifafanue kwa kisigino. Mwanafunzi wa Mvara au Koboko ataielewa upesi, kwa kuwa huenda bibi yake alikwenda Sudan na kurudi kwa miguu.